HX Stomp jukwaani: gitaa la kidijitali lisimezwe na bendi

Nilipoipata HX Stomp ya Line 6 nilikaa nayo wiki tatu chumbani nikiwa nimevaa hedifoni, nikitengeneza sauti moja baada ya nyingine kwa subira, na kila nilipozigusa nyuzi nilihisi kama nimeketi studio mbele ya ampu kubwa, yaani kikuza sauti cha gitaa, iliyowekewa maiki nzuri. Kisha nikaipeleka mazoezini. Mpiga ngoma alihesabu hadi nne, besi ikaingia, kinanda kikafuata, na gitaa langu likatoweka. Nilipoongeza sauti, mwimbaji akasema hajisikii tena, na hata hapo nilichokuwa nikikisikia mimi mwenyewe kilikuwa mvumo mzito chini na mchirizo mkali juu, pasipo noti katikati. Kifaa hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika mipangilio niliyoitengeneza na katika mahali nilipoitengenezea, na tathmini hii inahusu hasa jambo hilo: je, kifaa hiki kinampa mpiga gitaa nyenzo za kutosha za kusikika akiwa na bendi nzima, na azitumie vipi?

Kwa asiyekijua, HX Stomp ni kifaa kidogo cha kuweka sakafuni kilichotolewa mwaka 2018. Kina swichi tatu za mguu, skrini ya rangi, na uzito unaozidi kilo moja kwa kiasi kidogo tu. Ndani yake mna uigaji wa ampu, kabineti za spika, maiki na pedali (visanduku vya athari vinavyobonyezwa kwa mguu) uliotoka katika Helix, kifaa kikubwa ambacho kampuni hiyo ilikitoa mwaka 2015, na nasaba yake inarudi nyuma hadi POD ya mwaka 1998, ile nyekundu yenye umbo la haragwe ambayo wapiga gitaa wengi waliiona kama jambo la kustaajabisha. Mwanzoni HX Stomp iliruhusu bloku sita za sauti, yaani vipande kama ampu, kabineti au pedali, katika mpangilio mmoja. Sasisho la programu 3.0 la mwaka 2020 lilizifikisha nane. Ampu zimepewa majina ya kificho, lakini mpiga gitaa hupata mazoea upesi: Essex A30 inaiga Vox AC30, US Double inaiga Fender Twin Reverb, na Brit Plexi inaiga Marshall ya zamani. Ubora wa uigaji wenyewe sitaujadili kwa kirefu. Ni mzuri, unauitikia mkono unapopiga kwa nguvu au kwa upole, na ucheleweshaji wake ni wa milisekunde chache tu. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde tatu ni sawa na kusimama mita moja zaidi kutoka kwenye spika, umbali ambao hakuna mpiga gitaa aliyewahi kuulalamikia.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulielewa, na ambalo mimi nilichelewa kulielewa, ni kwamba kifaa hiki hakikupi ampu. Kinakupa sauti ya ampu kama ilivyosikiwa na maiki iliyowekwa sentimita chache mbele ya spika. Tofauti hiyo ni kubwa. Ampu halisi yenye spika ya inchi 12 husukuma hewa chumbani, hugonga ukuta, hufika kwenye masikio kutoka pembeni, na spika yenyewe hufanya kazi ya kichujio kwa sababu juu ya hezi 5,000 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde) nguvu yake huanguka kwa kasi. Maiki iliyo karibu na spika husikia kitu kingine kabisa: milio ya juu inayotoka katikati ya koni ya spika kwa mnyooko kama mwale wa tochi, na uzito wa chini unaoongezeka kadiri maiki zinazosikia zaidi upande wa mbele zinavyosogezwa karibu. Sauti hiyo ikipelekwa kwenye hedifoni au spika pana zinazotoa kila kitu, inapendeza, kwa sababu ni sauti tuliyoizoea katika rekodi. Lakini katika rekodi kulikuwa na mhandisi aliyekwisha kuipunguza, kuichuja na kuitafutia mahali pake kati ya ala nyingine. Mwenye HX Stomp jukwaani ndiye anayebeba kazi hiyo ya mhandisi, na asipoifanya, fundi mitambo wa sauti ataifanya kwa haraka kati ya nyimbo mbili, akiwa na maiki za ngoma na za waimbaji zinazomsubiri.

Kwa nini sauti nzuri hupotea? Masikio yanapopokea sauti mbili zilizo katika masafa yaleyale, yenye nguvu zaidi huifunika nyingine. Uzi mzito wa gitaa, E ya chini, hutetema kwa hezi 82. Uzi mzito wa besi hutetema kwa hezi 41, na mlio wake wa pili, ule unaoandamana na kila noti, uko palepale penye hezi 82. Kwa hiyo uzito mtamu niliouongeza chini ya gitaa nilipokuwa peke yangu ulikuwa unaingia moja kwa moja katika eneo la besi na ngoma ya mguu, ambako hauwezi kushinda. Huko juu matoazi hujaza kila nafasi kuanzia hezi 5,000 kwenda juu, na ung'avu niliouongeza huko ulizikwa chini yao. Kilichobaki ni sehemu ya kati, kati ya hezi 400 na 3,000 hivi, na hiyo ndiyo niliyokuwa nimeipunguza kwa mkono wangu, kwa sababu mtu akiwa peke yake milio ya kati humwonekea mikavu na yenye kukera. Nilikuwa nimeondoa sehemu pekee ambayo bendi ilikuwa imeniachia.

Kuna sababu ya pili, nayo inahusu kiwango cha sauti. Tangu uchunguzi wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 inafahamika kwamba masikio hayazisikii sauti za chini, za kati na za juu kwa usawa uleule katika kila kiwango. Sauti ikiwa ya taratibu, milio ya chini na ya juu sana hudidimia, na msikilizaji huiongeza ili ajisikie ametosheka. Sauti ikipanda hadi kiwango cha jukwaani, milio hiyo hurudi yenyewe, na nyongeza aliyoiweka chumbani hugeuka kuwa ziada inayouma. Mpangilio uliotengenezwa usiku kwa sauti ya kunong'ona karibu utakosea ukifika kwenye spika kubwa, hata mtengenezaji wake awe hodari kiasi gani. Hapa HX Stomp inasaidia na inaponza kwa wakati mmoja, kwa kuwa urahisi wake wa kutumiwa na hedifoni ndio unaomshawishi mtu afanye kazi yote akiwa kimya.

Niliporudi kuijenga upya mipangilio, nilianza na kabineti, wala si na ampu, na ningemshauri yeyote aanze hapo. Tangu sasisho la 3.50 la mwaka 2022, kabineti za kifaa hiki hukuruhusu kuisogeza maiki kutoka katikati ya koni kuelekea ukingoni, kuiweka mbali au karibu, na kuiinamisha. Hatua hiyo moja hubadilisha sauti kuliko vitufe vyote vya ampu vikijumlishwa. Maiki ikiwa katikati kabisa sauti huwa kali na nyembamba. Ikisogezwa kidogo pembeni, ukali hupungua na mwili wa noti hujitokeza. Nilichagua uigaji wa Shure SM57, maiki ambayo imewekwa mbele ya ampu za gitaa tangu miaka ya 1960 na ambayo kwa asili yake huipa uzito sehemu ya kati ya juu, nikaitoa katikati ya koni kwa kiasi kidogo, kisha nikaisogeza nyuma ili uzito wa chini upungue. Baada ya hapo nikatumia vichujio viwili vilivyomo ndani ya bloku hiyohiyo ya kabineti: kinachokata milio ya chini nikakiweka kwenye hezi 110, kinachokata ya juu kwenye hezi 6,500. Ukisikiliza peke yako utadhani umeiharibu sauti, kwa kuwa inakuwa kavu na nyembamba. Bendi ikianza, besi huirudishia uzito uliouondoa, na msikilizaji huamini kwamba uzito ule ni wa gitaa. Hata noti ya uzi wa chini haipotei, kwani masikio huitambua kupitia milio yake ya juu, ya hezi 165 na 247, ambayo kichujio hakijaigusa.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulikubali ni kupunguza distoshani. Distoshani ni kukatwa kwa vilele vya wimbi la sauti, na vilele hivyo ndivyo vinavyobeba mgongo wa noti: ule mpigo wa kwanza wa kiuzi dhidi ya kidole au kipande cha plastiki, ambao humjulisha msikilizaji kwamba gitaa limeingia. Vikikatwa vyote, sauti hubaki mstari mmoja ulionyooka, mkubwa masikioni pa mpigaji, lakini usio na kitu cha kushikika kwa aliye mbele ya jukwaa. Niliishusha drive (kitufe cha kiasi cha distoshani) ya Brit Plexi kutoka saba hadi karibu na nne, na kwa mara ya kwanza nikausikia mkono wangu wa kulia nikiwa kati ya ngoma na kinanda. Mbele ya ampu nikaweka Scream 808, inayoiga pedali maarufu ya kijani ya Ibanez, drive yake ikiwa karibu na sifuri na level, yaani kiwango chake cha sauti, ikiwa juu. Pedali hiyo hupunguza uzito wa chini kabla haujaingia kwenye ampu na kuinua milio ya kati, na umaarufu wake wa miongo mingi jukwaani unatokana na kazi hii hasa: inalipeleka gitaa mahali ambapo bendi imeacha pengo.

Kuhusu mwangwi na dilei (marudio ya sauti) nitasema machache. Ukumbi una mwangwi wake. Kiasi kinachopendeza katika hedifoni punguza kwa nusu, kisha punguza tena kidogo.

Viwango vya sauti kati ya mpangilio mmoja na mwingine vilinisumbua zaidi ya nilivyotarajia, kwa maana sauti safi na sauti ya distoshani hazidanganyi masikio kwa namna moja. Nikiwa peke yangu, ile ya distoshani huonekana kubwa kwa sababu imejaa. Katika bendi ile safi yenye vilele virefu ndiyo inayopenya, na ghafla ubeti wa pili unakuwa mdogo kuliko wa kwanza. Kitufe cha kurekebisha jambo hili ni Ch Vol ya bloku ya ampu, ambacho huongeza au kupunguza kiwango bila kuigusa tabia ya sauti. Rekebisha mkiwa mnapiga, kila mmoja akiwa katika kiwango chake cha kawaida, na umwombe mtu asiyepiga chombo asimame mahali watakapokuwa wasikilizaji. Dakika ishirini za namna hiyo zilinifaa kuliko wiki zangu tatu za hedifoni.

Kwa ajili ya solo, HX Stomp ina snapshoti tatu katika kila mpangilio, yaani picha tatu za hali ya bloku zote ambazo hubadilishwa kwa mguu bila sauti kukatika. Mimi hutumia ya kwanza kwa rithimu, ya pili kwa sehemu safi, na ya tatu kwa solo. Nyongeza ya solo inapaswa kuwekwa baada ya ampu na kabineti. Wengi huiweka mbele, na ampu iliyokwisha kujaa haiongezi ukubwa wa sauti ikisukumwa zaidi; huongeza distoshani tu, na mpiga solo hujikuta amezama wakati uleule anaotakiwa kujitokeza. Desibeli tatu hadi nne mwishoni mwa mnyororo, pamoja na kuinua kidogo eneo la hezi 1,000 hadi 2,000, zimetosha kila mara. Zaidi ya hapo fundi mitambo atakushusha, naye atakuwa na haki, kisha utarudi kwenye rithimu ukiwa chini kuliko wote.

Sasa nije kwenye namna ya kukiunganisha, kwa sababu hapa ndipo kifaa hiki kinapodai maarifa ya mtumiaji. HX Stomp haina tundu la XLR, lile la nyaya za maiki. Matundu yake ya kutolea sauti ni ya robo inchi, kwa hiyo kwenda kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) iliyo mbali utahitaji kisanduku cha DI, kinachoigeuza sauti ya ala ifae laini ya maiki, nami nakisisitiza kile chenye transfoma, kwani pia hukizuia kifaa kisipokee umeme wa volti 48 ambao mikisa nyingi hutuma kwenye laini za maiki. Katika mipangilio ya jumla utachagua kama matundu yatoe kiwango cha ala au cha laini. Ukiingia kwenye DI chagua cha ala. Tumia tundu la kushoto peke yake, lililoandikwa L/Mono, na kifaa kitaziunganisha pande mbili kuwa moja. Sterio huvutia sana chumbani, lakini kumbi nyingi huendesha spika zake kwa mono, na athari zinazotegemea tofauti ya kushoto na kulia huweza kufutana zikiunganishwa, zikaondoka na sehemu ya gitaa.

Kosa lililo baya kuliko yote, na ambalo nimeliona kwa wapigaji kadhaa, ni kupeleka sauti yenye kabineti ya kuigwa ndani ya ampu halisi ya gitaa. Hapo sauti inapita katika spika mara mbili, moja ya kidijitali na nyingine ya mbao na karatasi, na matokeo yake ni gitaa lililofunikwa blanketi. Ukitumia ampu, zima bloku ya kabineti na uingie kwenye tundu la return la ampu hiyo ili uruke hatua yake ya kwanza. Ukitumia monita (spika ya jukwaani inayomwelekea mpigaji) au spika pana, iwashe kabineti. Na ukitaka vyote viwili kuna njia nzuri: weka bloku ya send, inayotoa sauti kwenye tundu la pembeni, kabla ya kabineti, upeleke sauti hiyo kwenye ampu iliyo nyuma yako, huku tundu kuu likipeleka sauti yenye kabineti kwa fundi mitambo. Napenda sana mpango huu, kwa sababu mpigaji anapata hewa ya ampu mgongoni na ukumbi unapata sauti iliyochujwa, na mmoja hamharibii mwingine.

Usipokuwa na ampu nyuma, kusikika kwako mwenyewe kunategemea monita, na hapo ni rahisi kuchanganya mambo mawili. Mpigaji asiyejisikia hudhani hasikiki, akaongeza sauti kwenye kifaa, na nyongeza hiyo ikaenda pia ukumbini ambako alikuwa akisikika vizuri. Kabla ya kugusa kitufe cha sauti, omba monita iongezwe. Na kama ukumbi ni tofauti sana na chumba cha mazoezi, iwe ni wa zege unaovuma au wa mazulia unaonyonya, kuna ikwalaiza ya jumla, ya kuongeza au kupunguza masafa, inayobadilisha mipangilio yote kwa pamoja. Ni chombo chema sana, ilimradi ukumbuke kuirudisha sifuri kabla ya onyesho linalofuata. Mimi hushusha kidogo eneo la hezi 200 hadi 300 katika vyumba vinavyovuma, na mara nyingi huishia hapo.

Yapo mambo ambayo kifaa hakiwezi kuyatatua. Ikiwa kinanda kinashika kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nene katikati na gitaa la pili linapiga kodi zilezile mahali palepale shingoni, hakuna kichujio kitakachozitenganisha. Tulipokubaliana kwamba mwenzangu apige kodi za chini nami nipande juu ya fureti (kipande cha chuma kinachokatiza shingo) ya saba kwa nyuzi tatu nyembamba, magitaa yote mawili yalisikika bila yeyote kugusa mashine. Ninaandika hili katika tathmini ya kifaa kwa makusudi, kwa sababu nimeona watu wakitafuta uigaji mpya wa ampu ili kuponya tatizo la mpangilio wa muziki.

Upungufu wa HX Stomp kama chombo cha jukwaani ni wa kimaumbile zaidi. Swichi tatu ni chache kwa anayebadilisha sauti mara nyingi ndani ya wimbo, na zimekaribiana kiasi kwamba kiatu kipana kinahitaji uangalifu gizani. Line 6 yenyewe ilitoa HX Stomp XL mwaka 2021 yenye swichi nane, na mwenye kupiga nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi aitazame hiyo kwanza. Adapta yake inataka ampea tatu, kwa hiyo vyanzo vingi vya umeme vya pedali za kawaida havitoshi, na ukiisahau nyumbani si rahisi kuazima. Bloku nane hutosha ikiwa unajua unachokitaka: yangu ina Scream 808, ampu, kabineti, nyongeza ya solo, dilei na mwangwi, nami bado nimebakiwa na mbili. Anayetaka kurundika athari kumi atabanwa.

Kwa mpiga gitaa wa bendi anayebeba vyombo vyake mwenyewe, na aliye tayari kuitengeneza sauti yake mazoezini, kwa sauti kubwa, wenzake wakipiga, ninaipendekeza bila kusita. Miezi kadhaa baada ya mazoezi yale ya kwanza, mipangilio yangu yote ina uzito mdogo chini, distoshani ya wastani, na milio ya kati ambayo mgeni akiisikiliza katika hedifoni hukunja uso. Wiki iliyopita mpiga besi wetu aliniomba nipunguze kidogo katika ubeti wa kwanza, kwa sababu gitaa lilikuwa likisikika kupita sauti ya mwimbaji. Niliishusha Ch Vol kwa desibeli moja na nusu, nikahifadhi, tukaendelea.